Maumivu ya Saratani Yana Dawa

Ukimuuliza mgonjwa wa saratani anaendeleaje, atakujibu "hivyo hivyo tu", na mazungumzo yataishia hapo. Wauguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, hutumia mkono. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu; vidole vyote vitano, yamefika pasipovumilika. Mgonjwa huonyesha vidole, na hata bibi asiyejua kusoma anaeleweka.

Mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akitegemea mofini ya maji kutuliza maumivu hayo. Ni unga wa mofini uliochanganywa na maji, kihifadhi na rangi inayotofautisha nguvu ya dawa. Hunywewa nyumbani, bila sindano wala kitanda cha hospitali. Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Serikali huitoa bure. Baadhi ya nchi zenye fedha zaidi bado hazijafika hapo.

Kikwazo kikubwa ni woga. Wapo wanaoamini kwamba mofini ni dawa ya kukatia roho, au kwamba mzee wao atageuka teja. Kinachoua ni ugonjwa. Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu kwa kufuata maumivu, na anayeitumia hivyo kwa saratani ni nadra kupata uraibu. Maumivu yakipungua, labda baada ya mionzi, dozi hushushwa hatua kwa hatua, haikatwi ghafla.

Kosa la kawaida ni kungoja mpaka mgonjwa alie. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takribani saa nne, hivyo hunywewa kwa kufuata saa, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Usingizi na kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa kawaida hupita. Kufunga choo hakupiti, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo. Akiwa na usingizi mzito asioweza kuamshwa, au akipumua polepole mno, apelekwe hospitali mara moja.

Na nani anayeangalia saa? Mara nyingi ni mke au binti, aliyeacha biashara yake na hajalala vizuri kwa wiki kadhaa. Wageni humpita sebuleni kwenda kumpa pole mgonjwa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu hayakai mwilini tu: yamo pia katika hofu, madeni, ugomvi wa ndugu na maswali juu ya Mungu. Anayeuguza hubeba sehemu ya hayo yote. Anayetaka kumsaidia aje alale pale usiku mmoja, au achukue zamu ya foleni ya dawa. Anayeuguza naye afungie chupa ya dawa mbali na watoto na aandike daftarini saa ya kila dozi na idadi ya vidole. Daftari hilo litamfaa daktari kuliko "hivyo hivyo tu".