Utambuzi na Uainishaji wa Erica katika Mlima Kilimanjaro: Jenasi Iliyofutwa, Sifa Zilizobaki

Utangulizi

Juu ya msitu wa mvua wa Mlima Kilimanjaro kuna ukanda wa vichaka na miti midogo yenye majani membamba yanayofanana na sindano. Mimea hiyo aghalabu hutajwa kwa jina moja, Erica, ilhali ndani yake mna spishi kadhaa. Makala haya yanafafanua namna ya kutofautisha tatu kati ya hizo: Erica arborea, Erica excelsa na Erica trimera. Aidha, yanajenga hoja kwamba utambuzi na uainishaji ni kazi mbili tofauti, na kwamba kuzichanganya kunaharibu kumbukumbu za uoto wa mlima.

Utambuzi wa familia na jenasi

Umbo la jani pekee halitoshi kuthibitisha familia. Stoebe kilimandscharica, mmea wa familia ya Asteraceae, una majani madogo yanayoweza kumfanya mtafiti audhani kuwa Erica. Kinyume chake, Agarista salicifolia ina majani mapana, lakini ni ya familia ya Ericaceae. Kinachoamua ni ua. Katika Erica, petali zimeungana na kufanya kengele ndogo ambayo hubaki ikilizunguka tunda hata baada ya kukauka. Katika Stoebe, vijiua vidogo hukusanyika pamoja katika vichwa. Majani ya Erica nayo hupangika kwa mizunguko kwenye tawi, na kingo zake hujikunja kuelekea chini.

Utambuzi wa spishi

Kwa kutumia lenzi ya mkono, mtafiti aanze na sepali. Katika Erica arborea, sepali zinalingana kwa ukubwa, na kikonyo cha ua kina vijani vidogo vilivyojitenga na sepali hizo. Matawi yake machanga yana vinyweleo, na baadhi ya vinyweleo hivyo vimegawanyika. Katika Erica excelsa na Erica trimera, sepali hazilingani: moja ni kubwa kuliko nyingine. Stigma yake imepanuka kama kisahani, umbo linalofaa kunasa chavua inayopeperushwa na upepo.

Jina trimera linaashiria ua lenye sehemu tatu tatu. Hivyo, kuhesabu sehemu za ua ni kipimo cha kwanza cha kuitenga spishi hii, ingawa si cha mwisho. Inafaa kuchunguza maua kadhaa kutoka matawi tofauti badala ya kutegemea ua moja.

Mabadiliko ya uainishaji

Linnaeus aliipa Erica arborea jina lake mwaka 1753. Mwaka 1834 Klotzsch aliunda jenasi ya Philippia kwa ajili ya mimea yenye sepali zisizolingana, na mwaka 1927 Alm na Fries walichapisha tasnifu pana juu ya jenasi hiyo. Excelsa na trimera ziliwekwa humo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Oliver aliiunganisha Philippia na Erica. Kisha, mwaka 1990, Beentje alihamishia majina ya Afrika Mashariki katika Erica.

Sababu ya kuiunganisha ni ya msingi. Maua yaliyopungua sehemu na kuzoea upepo yamejitokeza zaidi ya mara moja katika historia ya Erica. Kwa hiyo hayathibitishi asili moja. Uchunguzi wa DNA umeunga mkono msimamo huo. Hata hivyo, sepali zisizolingana zinaendelea kuwa alama nzuri ya utambuzi. Sifa inaweza kushindwa kutetea jenasi, lakini ikafaa kabisa katika ufunguo wa utambuzi.

Umuhimu kwa tafiti za uoto

Mwaka 2001 Hemp na Beck walionesha kuwa Erica excelsa ni sehemu ya misitu ya Kilimanjaro inayostahimili moto. Moto wa mara kwa mara umeshusha mpaka wa juu wa msitu, na misitu hiyo hunasa maji ya ukungu. Kwa hiyo, kujua ni spishi ipi iliyopo, na ilikuwapo lini, ni jambo linalogusa pia hifadhi ya maji.

Hapa ndipo majina yanapoleta hatari. Orodha inayohesabu Philippia excelsa na Erica excelsa kama mimea miwili huonesha kwamba spishi moja imetoweka na nyingine imeingia, ilhali kilichobadilika ni lebo tu. Kosa hilo hurekebishika kwa jedwali la visawe. Lisilorekebishika ni la kuuita kila mti mrefu wa ukanda huo Erica arborea bila kuhifadhi sampuli, kwa kuwa hakuna kitu cha kurejea.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kila rekodi iambatane na sampuli yenye maua, mwinuko wa mahali na maelezo ya dalili za moto. Katika hebaria, jina jipya liongezwe kando ya lebo ya zamani bila kuiondoa. Jina linaweza kubadilika tena. Sampuli iliyotunzwa ndiyo itakayomwezesha mtafiti ajaye kupima upya uamuzi wetu.