Ndengu zilizomea: Ni chakula bora, lakini zipitishe motoni

Miaka michache iliyopita alikuja kliniki kwangu mama mja mzito wa miezi mitano, mwalimu wa shule ya msingi, akiwa na upungufu wa damu. Nilimpa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki, kisha nikamshauri, kama nilivyozoea kuwashauri wengine, ale ndengu zilizomeshwa nyumbani. "Ni kazi rahisi, mama," nilimwambia. "Unaziloweka, unaziacha zitoe mizizi, unakula." Sikueleza zaidi kwa sababu foleni nje ya mlango ilikuwa ndefu na saa ya chakula cha mchana ilikuwa imepita.

Baada ya wiki mbili mumewe alimleta asubuhi na mapema akiwa hawezi kusimama. Alikuwa ameendesha na kutapika usiku kucha, macho yameingia ndani na midomo imekauka. Tulimpeleka hospitali akalazwa siku tatu kwa maji ya dripu, na kipimo cha choo kikaonyesha bakteria wa salmonela. Kwa bahati nzuri mtoto tumboni hakudhurika. Nilipomwuliza alikuwa amekula nini, alinijibu bila kinyongo, "Zile ndengu ulizoniambia, daktari. Nilizitia mbichi kwenye kachumbari."

Ndengu zilizobaki zilikuwa zimekwisha kutupwa, kwa hivyo hakuna aliyezipima. Hata hivyo, tangu siku hiyo sijamwambia mgonjwa yeyote ameshe ndengu bila kumwambia pia namna ya kuzila. Na kwa kuwa wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu chakula hiki, ambacho siku hizi kinauzwa hata katika maduka makubwa kikiwa kimefungwa kwa karatasi za plastiki, nimeona nieleze yote kwa pamoja.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo lenyewe si geni. Familia za Kihindi za Ngara na Parklands zimekuwa zikimesha ndengu kwa vizazi vingi, na ukipita jikoni kwao utazikuta zikiwa zimefungwa katika kitambaa cheupe, zikipikwa siku ya pili kwa bizari na binzari nyembamba. Ndengu zenyewe, ambazo Wapwani huziita pojo na majirani wetu wa Tanzania huziita choroko, hulimwa kwa wingi Kitui, Makueni na Machakos. Kwa hiyo mbegu tunazo, na ujuzi uko mtaa wa pili.

Ndengu kavu ni ghala lililofungwa. Ndani mna wanga, protini na madini, vyote vimehifadhiwa kungojea mvua. Ukiiloweka, mbegu hudhani mvua imefika. Vimeng'enya huamka na kuanza kuvunja wanga kuwa sukari nyepesi na protini kuwa vipande vidogo, ndiyo sababu ndengu iliyomea huwa na utamu kidogo na huiva haraka ikilinganishwa na ile kavu, jambo ambalo mwenye kununua gesi au makaa atalifurahia. Aidha, zile sukari zinazowafanya watu wajae gesi tumboni baada ya kula maharagwe hupungua. Hupungua vile vile kitu kiitwacho fitati, ambacho hushikilia madini ya chuma na zinki tumboni yasiingie mwilini.

La ajabu zaidi ni vitamini C. Mbegu kavu karibu haina, lakini ikimea huitengeneza yenyewe. Jambo hili liligunduliwa umuhimu wake wakati wa Vita Kuu vya Kwanza. Kuanzia Desemba 1915 hadi Aprili 1916 majeshi ya Uingereza na India yalizingirwa na Waturuki katika mji wa Kut, ulio katika nchi ya Iraki ya leo, na askari wengi wa Kihindi wakashikwa na kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba na kutokwa damu ufizi unaotokana na ukosefu wa vitamini hiyo. Mboga na matunda hayakupatikana. Watafiti wawili wanawake wa Uingereza, Harriette Chick na Marion Delf, walichapisha mwaka 1919 matokeo ya majaribio yao kwa wanyama wa maabara: mbegu kavu za jamii ya kunde hazikuzuia kiseyeye, lakini mbegu hizo hizo zikiloweshwa na kumeshwa zilikizuia. Magunia ya dengu ambayo askari hubeba popote yangeweza kugeuzwa mboga mbichi jangwani kwa maji na kitambaa tu.

Hapa lakini sharti niwe mkweli, kwa maana wauzaji wengine hutia chumvi. Gramu 100 za ndengu zilizomea zina vitamini C kiasi cha miligramu 13, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Pera moja la sokoni linazishinda mbali. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, gramu hizo 100 zina protini kama gramu 3 tu, ingawa ndengu kavu za uzito huo zina gramu 24 hivi. Kwa hiyo asiye na uwezo wa kununua nyama asidhani kwamba sahani ya ndengu zilizomea itachukua mahali pa sahani ya ndengu za kawaida. Faida yake ni kuwa mboga safi inayopatikana wakati wowote, hata sukuma wiki ikipanda bei, na ambayo haihitaji shamba wala kibarua.

Namna ya kuzimesha

Nunua ndengu za kula, mpya, zisizotobolewa na wadudu wala kunuka ukungu. Usitumie kamwe mbegu za kupanda kutoka duka la pembejeo. Nyingi hupakwa dawa ya kuua wadudu na kuvu, mara nyingi yenye rangi nyekundu, buluu au kijani, na dawa hiyo haitoki kwa kuosha. Nimewahi kumwona kijana aliyefikiri anafanya uchumi kwa kula mbegu zilizosalia baada ya kupanda, na tulishinda naye hospitali siku nzima.

Chukua nusu kikombe, uzichambue, uzioshe mara mbili tatu, kisha uziloweke kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, usiku mzima, saa nane hadi kumi na mbili. Asubuhi mwaga maji. Zitie katika chupa ya mdomo mpana iliyooshwa kwa maji moto, uifunike kwa kipande cha shashi au kitambaa chepesi na kuifunga kwa mpira. Ilaze kwa mshazari ili maji yatiririke, mahali penye kivuli, ndani ya kabati kwa mfano. Asubuhi na jioni zisuuze kwa maji safi na kuyamwaga yote. Mahali pa joto kama Mombasa na Kisumu zisuuze mara tatu, na huko mizizi huonekana haraka. Nairobi mwezi wa Julai huenda ukangoja siku tatu au nne. Mkia ukifikia urefu wa sentimita moja au mbili ziko tayari, na ile nusu kikombe itakuwa imejaza vikombe viwili au zaidi.

Zikiteleza kama zimepakwa kamasi, zikinuka au zikitoa ukungu, zitupe zote. Zilizo nzuri zipikwe siku hiyo hiyo. Kama una friji, zinaweza kukaa siku mbili.

Hatari iko wapi?

Iko katika hali ile ile inayozimesha. Joto, unyevu na sukari iliyoachiliwa na mbegu ni karamu kwa bakteria. Mbegu moja iliyoguswa na kinyesi cha ng'ombe shambani au cha panya ghalani yaweza kubeba vijidudu wachache katika nyufa za ganda lake, na baada ya siku mbili tatu ndani ya chupa wakawa mamilioni. Kuziosha mwishoni hakusaidii sana, maana wengine wamekwisha kujificha ndani. Hata usafi wako wa jikoni, ingawa ni wa lazima, hautoshi ikiwa mbegu yenyewe ilikuja na ugonjwa.

Wenye kudhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini wakumbuke yaliyotokea Ujerumani mwaka 2011. Watu wapatao 3,800 waliugua kwa bakteria wa aina kali ya E. coli, mamia wakaharibika figo, na zaidi ya 50 wakafa. Uchunguzi uliishia katika shamba moja lililouza mbegu zilizomeshwa, na chanzo kilichotajwa ni mbegu za uwatu, hii hulba tunayotia katika achari, zilizokuwa zimenunuliwa kutoka Misri. Wengi wa walioathirika walikuwa watu wazima wenye afya njema waliokuwa wakila saladi.

Basi, ushauri wangu ni kuzipika. Waja wazito, watoto wadogo, wazee, wenye virusi vya Ukimwi, wagonjwa wa selimundu na wanaotibiwa saratani wasizile mbichi kabisa, na mtu mwingine yeyote ambaye angependa kulala usiku afuate mfano wao. Kaanga kitunguu na nyanya, tia ndengu na maji kidogo, funika, uziache zichemke hadi mvuke utoke na zipate moto mpaka ndani, dakika tano hivi. Sehemu kubwa ya vitamini C hubaki. Kamulia ndimu juu yake ukishaepua, na hapo utakuwa umerudisha zaidi ya ulichopoteza, tena ndimu husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai, kwa upande mwingine, huzuia madini hayo. Tafadhali ngoja saa moja baada ya chakula kabla ya kunywa kikombe chako. Najua ninawaomba Wakenya jambo gumu.

Kuna mbegu nyingine za kuangaliwa. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu iitwayo lektini ambayo husababisha kutapika vibaya hata mtu akila machache tu mabichi, na kuyamesha hakuiondoi sumu hiyo yote. Yachemshwe sawasawa, yaani maji yatokote kwa nguvu. Moto wa pole pole usiofika kutokota hautoshi. Mtama nao ukimea, machipukizi yake hutoa sumu ya sianidi, kwa hiyo usiwahi kula machipukizi ya mtama kama mboga.

Wimbi halina tatizo hilo, na hapa nataka kutaja jambo ambalo akina nyanya zetu walilijua vizuri sana, ingawa wengi walilitumia kutengenezea busaa. Wimbi lililomeshwa, likakaushwa na kusagwa, ndiyo kimea. Mama akipika uji mzito wa mtoto aliyetimiza miezi sita, uji wa kushiba, mtoto mchanga hawezi kuumeza. Akiongeza maji ili uwe mwepesi, tumbo dogo la mtoto hujaa maji kabla ya kupata nguvu ya kutosha. Lakini akiuepua, akautia kijiko kidogo cha unga wa kimea na kukoroga, uji huo mzito hulainika mbele ya macho yake bila kuongezwa tone la maji. Vimeng'enya vya kimea vimeukata wanga. Baada ya hapo aurudishe motoni uchemke dakika chache ili kuua vijidudu, upoe, mtoto anywe. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walilifanyia utafiti jambo hili katika miaka ya 1980, na ni ajabu kwamba mpaka leo nakutana na akina mama wa Nairobi wanaonunua uji wa makopo kwa bei ghali wasiojua habari hii.

La mwisho ni kuhusu wanaodai kwamba mbegu zilizomea huponya kisukari, saratani na shinikizo la damu. Haziponyi. Mwaka jana mzee mmoja aliacha vidonge vyake vya kisukari kwa wiki sita kwa sababu mtu fulani alimwahidi kwamba ndengu zingetosha. Alipokuja, sukari ilikuwa juu kupita kipimo cha mashine yangu ndogo. Ale ndengu, nilimwambia, ameze na vidonge. Vile vile mja mzito mwenye upungufu wa damu aendelee na tembe anazopewa kliniki. Hakuna mboga itakayoongeza damu kwa kasi inayohitajika kabla ya siku ya kujifungua.

Yule mwalimu alijifungua salama mtoto wa kike. Bado anamesha ndengu, na aliponitembelea mara ya mwisho aliniletea kidogo katika mkebe, zimekaangwa kwa kitunguu na pilipili hoho. Alinitazama nikizila, kisha akaniuliza kama nimeziona zimeiva vya kutosha.