Asilimia 5 Haitoshi: Kodi ya Awamu kwa Mshauri wa Kujitegemea

Wataalamu wengi wanaoacha ajira Nairobi na kuanza kuuza ushauri wao wenyewe hudhani kwamba mteja akishawakata kodi, mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba ada ya ushauri anayolipwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Lakini hiyo ni arubuni tu. Deni kamili huhesabiwa kwa viwango vilevile vya mwajiriwa, ila sasa hakuna mhasibu wa kampuni wa kukukata kila mwisho wa mwezi.

Chukua mshauri aliyetoza wateja shilingi 3,000,000 kwa mwaka na kutumia 600,000 kwa gharama halali za kazi. Kipato cha kutozwa kodi ni 2,400,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 2,012,000 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 657,400. Ukitoa nafuu ya kibinafsi ya 28,800, inabaki 628,600. Wateja wameshakata 150,000. Mamlaka ya Mapato (KRA) bado inamdai 478,600, wala haisubiri mwaka uishe.

Hapo ndipo inapoingia kodi ya awamu, inayolipwa mara nne: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Anayetarajia kodi ya mwaka isiyozidi shilingi 40,000 hahusiki. Mwezi wa hatari ni Aprili. Awamu ya kwanza ya mwaka huu hudaiwa tarehe 20, na salio la mwaka jana lazima liwe limelipwa kufikia tarehe 30. Wengi hujipumbaza na 30 Juni, ambayo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, si ya kulipa.

Utajuaje kiasi cha awamu ilhali hujui kazi ya Oktoba itatoka wapi? Sheria inakupa njia mbili: kodi ya mwaka jana ikiongezwa asilimia 10, au makadirio yako ya mwaka huu. Biashara ikikua, mimi ningeshika ya mwaka jana bila kusita: inajulikana, na haimlazimu mtu kupiga ramli. Makadirio yanafaa pale mteja mkubwa anapoondoka na kipato kinaporomoka waziwazi.

Kisha kuna karatasi. Kodi aliyokukata mteja huhesabiwa kwako ikiwa ameiwasilisha na cheti cha zuio kimeonekana kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA. Kikikosekana, mfuate mteja mapema, kabla mhasibu wake hajahamia kwingine. Gharama nazo, tangu Januari 2024, kwa kawaida hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hata kama ulilipa kweli.

Kuhusu fedha zenyewe, mshauri wa mfano wetu alipokea mkononi 2,850,000, na deni lake ni kama asilimia 17 ya hizo. Atenge kiasi hicho katika akaunti nyingine siku ileile malipo yanapoingia, na akikaribia mapato makubwa zaidi apandishe hadi asilimia 20 au 25. Anayechelewa hutozwa faini ya asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi hadi amalize.