Fuko Mkubwa wa Milima ya Bale

Wakulima wa nyanda za juu za Kenya wanamjua fuko kwa vifusi vya udongo shambani na viazi vilivyotafunwa kutoka chini. Ndugu yake mkubwa kuliko wote anaishi Milima ya Bale, kusini mashariki mwa Ethiopia, kwenye mwinuko unaozidi mita 3,000, na hapatikani kwingine popote duniani. Akinenepa hukaribia kilo moja.

Fuko wa kwetu hula zaidi mizizi, basi hana haja kubwa ya kutoka. Huyu wa Bale hula majani, na majani yako juu, penye adui. Macho yake yamekaa karibu na utosi, hivyo akichungulia huona kabla kichwa hakijajitokeza. Akiona kumetulia, hutoa nusu ya mwili tu, makalio yakibaki shimoni. Hung'oa nyasi upesi mpaka kinywa kijae, kisha hurudi kinyumenyume. Majani ya karibu yakiisha, huziba mlango kwa udongo na kutoboa mwingine jirani. Kazi hii huifanya mchana, kwa kuwa usiku wa Sanetti, uwanda wa juu wa milima ya Bale, ni wa barafu.

Mara nyingi ndege mdogo wa kahawia humfuata akiokota wadudu kwenye udongo uliofukuliwa, na ndege huyo akilia kwa hofu, fuko huzama. Anayeogopwa ni mbwa mwitu wa Ethiopia, mwenye manyoya mekundu na miguu mirefu, ambaye hunyata na kutulia kando ya shimo. Waliobaki hawafiki 500, na zaidi ya nusu wako Bale, ambako fuko ndiye windo lao kuu.

Binadamu naye alimtegemea. Mwaka 2019 wanasayansi walieleza mabaki ya pango la Fincha Habera, karibu mita 3,500 juu ya bahari: wawindaji waliishi humo kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita, na nyama yao kubwa ilikuwa fuko huyuhuyu, aliyechomwa motoni.

Leo fuko yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ng'ombe na kondoo hulishwa kwenye mabonde yaleyale yenye udongo mzito na majani mabichi anayoyahitaji. Watalii hupanda Sanetti kumwona mbwa mwitu, na fedha za uhifadhi huchangwa kwa jina lake. Ningependa mabonde ya fuko yapewe ulinzi huohuo, tena kwanza, kabla mifugo haijazidi kupanda.