Tezi Zilizovimba: Ni Lini Zikatwe Zipimwe?

Twapenda kuwaeleza wazee wa vijiji, waalimu na wazazi wa Misungwi habari za tezi zivimbazo shingoni, kwapani na kinenani mwa vijana.

Tezi ni vituo vya walinzi wa mwili. Kijana mwenye kidonda mguuni huota mtoki kinenani. Mwenye jino bovu au vidonda vya kichwa huvimba shingo. Uvimbe huo huuma ukiguswa, huteleza chini ya ngozi, nao hupungua ugonjwa wenyewe ukitibiwa. Huo hauhitaji kisu.

Lakini ziko tezi za kutiliwa shaka. Kwanza, iliyozidi sentimita 2, yaani kadiri ya upana wa kidole gumba, isiyopungua kwa majuma 4 hata 6. Pili, iliyo ngumu na isiyosogea. Tatu, iliyo juu ya mtulinga, hata ikiwa ndogo. Nne, iliyofuatana na homa, jasho jingi la usiku na kukonda. Kwa hizo tatu za mwisho, na kwa uvimbe ukuao upesi, msingoje majuma kupita.

Hospitalini daktari hupima damu na kifua, kisha huweza kuchoma tezi kwa sindano, au kuikata ili itazamwe kwa darubini. Kwa nini? Kwa sababu kifua kikuu cha tezi na saratani ya tezi hufanana kwa macho, bali dawa zake ni mbali mbali. Mwenye saratani akinyweshwa dawa za kifua kikuu, siku zake zapotea bure.

Na siku hizo ni za thamani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto wa Uganda. Saratani hiyo, ambayo huonekana pia pande hizi za ziwa, huweza kuongezeka maradufu kwa siku chache; walakini ikitibiwa mapema watoto wengi hupona. Mkoani kwetu wagonjwa wa saratani hutibiwa Bugando, mjini Mwanza.

Wako wasemao kwamba kisu huamsha saratani. Si kweli, kisu cha daktari hutafuta jina la ugonjwa, na kuchelewa ndiko kuuako. Basi msichanje tezi kwa wembe, wala msiikande. Mwalimu amwonapo mwanafunzi mwenye shingo iliyovimba, na awaite wazazi wake.