Ukitaka kuijua Kenya, soma matangazo yake

WENGI wetu tunaochukua bidhaa Kenya tukipata gazeti la Nairobi tunasoma siasa na michezo, kisha tunafungia mzigo. Mimi huanza na matangazo. Kurasa hizo hueleza mapema nani ana fedha na nani zimemwishia.

Sababu yake ni rahisi. Kampuni ikibanwa haiwezi kuacha ghafla kulipa pango, umeme na mishahara. Matangazo huweza kusimamishwa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana fungu hilo hukatwa kwanza, na vyombo vya habari huumia kabla ya wengine.

Tulishuhudia neema Safaricom na Kencell zilipoanza kugombea wateja mwaka 2000. Kuta za maduka zilipakwa rangi hadi vijijini. Agosti 2010 Zain iliposhusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, vita hiyo ilipiganwa redioni na magazetini. Biashara ikikua na washindani wakiwa wengi, kila mmoja hutaka kusikika.

Lakini upepo hugeuka. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilishusha ukuaji wa uchumi wa Kenya kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda. Nani angelipa kutangaza sabuni ambayo lori lake limekwama njiani?

Hata hivyo, ndugu msomaji, tangazo kubwa si ushahidi wa afya. Nakumatt ilivuka mipaka hadi Uganda, Rwanda na Tanzania, na jina lake lilijulikana kila mahali. Kufikia mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu huku ikidaiwa na wauzaji wake, na Januari 2020 wadai waliamua ifungwe. Aliyewapa mali kwa mkopo kwa kuamini jina tu, alilia.

Kampuni za kamari nazo zilimwaga fedha nyingi katika matangazo na michezo. Mwaka 2019 Serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa, na SportPesa ikasimamisha shughuli zake nchini humo. Fedha ya sekta moja ni kama mvua ya msimu mmoja. Hailishi shamba mwaka mzima.

Serikali yenyewe ni mteja mkubwa. Mwaka 2015 matangazo yake yalianza kupitia wakala mmoja, na wamiliki wa vyombo vya habari wamelalamika mara nyingi kuhusu madeni yasiyolipwa. Ukurasa unajaa, mfuko unabaki mtupu. Na anayekudai ni vigumu kumkosoa anayetarajia amlipe.

Corona ilipoingia Kenya Machi 2020, matangazo yalishuka, na vyombo vikubwa vilipunguza mishahara na wafanyakazi. Hapo ndipo hasara inapotufikia sisi. Mwandishi anayekaa Busia, Malaba au Namanga ni gharama. Akiondolewa, nani atatueleza kuhusu foleni ya malori, ushuru uliobadilika au mahindi yaliyozuiwa? Tunabaki na uvumi wa madalali.

Kuna matangazo yanayokwenda kinyume: ya minada. Wakopaji wakishindwa kulipa, benki huuza magari, mashine na nyumba, na kurasa hizo hunenepa wakati nyingine zinakonda.

Kwa ndugu waliorejea nyumbani na kufikiria kufungua duka, ushauri wangu ni huu. Bidhaa ikitangazwa sana, uliza kwanza kama muuzaji analipa wanaomletea mali. Tangazo likitoweka ghafla, usiagize mzigo mkubwa. Minada ikizidi, shika fedha yako mkononi na usikopeshe. Na gazeti lenye mwandishi mpakani, linunue. Shilingi zako nazo zinamweka pale.