Kuzunguka, Kujizungusha na Kuzungushwa: Utegili wa Mshtarii

Kitenzi "zunguka" hutumiwa na wafasiri wa sayansi kwa maana mbili: dunia huzunguka kwenye mhimili wake, na dunia hulizunguka jua. Mara nyingi muktadha huondoa utata. Lakini katika maelezo ya utegili uliomo ndani ya uga sumaku wa Mshtarii, utata huo hupotosha jambo lenyewe linaloelezwa.

Utegili tunaousema hapa si ule wa damu. Ni gesi ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, ikawa mchanganyiko wa ioni na elektroni. Chembe hizo zina chaji ya umeme, na kwa hiyo hutawaliwa na sumaku. Sehemu kubwa ya utegili wa Mshtarii hutokana na mwezi wake uitwao Io, ambao volkano zake ziligunduliwa mwaka 1979 kwa picha za chombo Voyager 1. Takriban tani moja ya salfa na oksijeni hutoka huko kila sekunde.

Sayari ya Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda unaopungua kidogo saa 10. Uga wake huenda pamoja nayo, na huukokota utegili. Io, unaotawaliwa na mvutano, huizunguka sayari hiyo kwa saa 42 na nusu. Basi mwezi huenda kilomita 17 kwa sekunde, ilhali utegili ulio hapo hapo huenda kilomita 74, ukaupita mwezi uliouzaa. Mfasiri akiandika kwamba vyote viwili "vinazunguka", msomaji atadhani vinatii kanuni moja.

Mwalimu aliye Dirma, wilayani Hanang, ambako watoto wengi hukikuta Kiswahili baada ya Kiiraqw au Kidatoga, aweza kutumia baiskeli iliyopinduliwa. Mtoto atembeaye kandokando yake anaizunguka. Tope lililoshika spoki huzungushwa na gurudumu, na mwendo ukizidi, tope husogea nje. Utegili nao husogea nje polepole, na kadiri unavyokuwa mbali ndivyo unavyobaki nyuma ya mwendo wa sayari.

Kwa hiyo tunapendekeza: sayari hujizungusha, mwezi huizunguka, utegili huzungushwa. Hapana haja ya kukopa. Mnyambuliko wa kitenzi kimoja watosha. Yafaa walimu na wafasiri wazingatie tofauti hiyo kila waandikapo habari za anga.